Sauti Uliyoifuta

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, nilitoka Kasese asubuhi bila kujua niendako. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, vibarua vilikuwa vimenichosha, na miguu yangu haikupenda kukaa. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nakusimulia kwa sababu ya ile kazi ya chuo uliyonisomea jana. Uliichukua kanda ya zamani iliyonaswa siku hiyo, kompyuta ikaisafisha na kuigeuza maandishi, nawe ukaandika kwamba hadithi ya msichana na mto ni ya mtoto aliyeachwa na mama yake. Leo nimeshapanga maneno.

Nilipofika Kinyamaseke nilimkuta mwalimu mmoja kando ya barabara, amesimama na mashine ya kunasa sauti, nzito kama debe la maji. Alikuwa akienda Bwera kwa Mama Kavira, mkimbizi kutoka upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka. Mama huyo aliugua kifua, na ndiye peke yake aliyebaki kuijua hadithi aliyoachiwa na mama yake. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuazima, kesho yake irudi.

"Unajua kubeba kwa uangalifu?" akaniuliza.

"Kubeba najua, mwalimu. Uangalifu utanifundisha njiani."

Akacheka, tukapanda lori la pamba.

Mama Kavira alitupokea uani akimenya mihogo. Mwalimu akawasha mashine, akaiinamia kutazama sindano yake ya kupimia sauti. Mama akaanza: msichana anavuka mto wenye ukungu, ng'ambo haioni, anaita, "Mama, uko?" Hapo akanyamaza. Mwalimu naye kimya, asije akaiharibu kanda. Mama akaita tena. Kimya. Akaweka kisu chini.

"Mwalimu, unachunga hiyo sanduku kama bibi arusi! Mutoto anaita, hauitike?"

"Mama, mashine inasikia kila kitu."

"Inasikia, ndiyo. Lakini haiitike. Sasa mutoto atavuka namna gani?"

Kwao, mwanangu, msikilizaji ndiye anayekuwa yule mama wa ng'ambo. Asipoitika, msichana anabaki majini na hadithi inakwama. Sisi hatukujua. Mama Kavira akakohoa, akakohoa sana, nikaogopa kwamba siku ile tungemchosha bure na hadithi ingekwenda naye. Kisha akanigeukia.

"Na weye mwenye kubeba sanduku, hauna kinywa?" Akaita, safari hii kwa sauti nyembamba ya kitoto: "Mama, uko?"

"Niko," nikasema.

"Uko wapi?"

"Niko hapa ng'ambo. Njoo, mwanangu."

Akafumba macho, akaendelea. Kila alipoita niliitika, hadi msichana akakanyaga nchi kavu. Mama Kavira akajifuta uso kwa kanga. Akatuambia kwamba tangu avuke mpaka, alikuwa akijisimulia peke yake, na kila mara anaishia mtoni.

Sauti iliyoitika ni yangu. Ndiyo hiyo ambayo kompyuta iliiona kuwa kelele za pembeni, ikaifuta.

Wewe sikulaumu, wala kompyuta siilaumu. Juzi tuliiuliza habari za mto, ikatuletea hadithi kutoka vitabu ambavyo nisingevifikia hata ningeishi mara mbili. Mimi mwenyewe nilikunyima usingizi kwa maswali mpaka chaji ikaisha. Itumie, mwanangu. Ila kabla hujayaamini maandishi iliyokupa, isikilize kanda yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kikohozi na kisu kinachogonga mihogo. Uulize nani alikuwa ameketi pale, na alikuwa akiambiwa nini. Kisha irudishe ile sauti, uandike upya kwamba msichana yule aliitikiwa, akavuka. Usimwache mama wa watu aonekane alimtupa mtoto wake.

Jioni ile mwalimu aliondoka na mashine yake. Mimi nilibaki nimesimama langoni, sijui nielekee wapi.

"Unalala wapi?" Mama Kavira akauliza.

"Sijui, mama."

"Ingia basi. Fasi iko."

Akanitandikia mkeka karibu na mafiga, nikakaa naye mpaka mavuno.

Mungu akutunze, mwanangu. Akuzidishie akili na subira, na masomo yako yakufikishe kwa watu wema.