Mji Uliompenda Mume Wangu

Mume wangu alirudi na mayai. Mimi nilikuwa nimemwandalia chai ya tangawizi na maneno ya kumpoza, na watoto nilikuwa nimewapandisha vyumbani ili asione haya kunieleza yaliyomkuta. Akaingia, akavua buti, akaweka juu ya meza trei ya mayai ya kienyeji, mengine bado yana uchafu wa kuku, akasema, "Kuna bibi mmoja huko kanipa."

"Kakuuzia?"

"Kanipa."

Ilikuwa siku yake ya kwanza kupeleka vifurushi upande wa magharibi, kwenye vile vimji vilivyo karibu na mpaka wa Wales. Kiwanda cha magari cha Longbridge kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa akishinda kwenye kochi, televisheni imewashwa bila sauti. Alipopata kazi hii ya gari la vifurushi, walimpa njia ambayo wenzake wote waliikwepa. Jirani yetu Mkongo, aliyewahi kuifanya, alimwambia mlangoni kwetu, akimwita kaka mkubwa kwa Kifaransa chao, "Kule batu banakuangaliaka mubaya, grand. Unagonga mulango, unaona tu pazia inatikisika." Na rafiki yangu mmoja, Msomali aliyekulia Mombasa, aliwahi kuwapeleka wanawe mji wa aina hiyo kuona magofu ya ngome. Walipokaa kwenye benchi, mwanamke mzungu aliyekuwa hapo alivuta mkoba wake, kisha akavuta na mtoto wake. "Wallahi dadangu, huko sirudi," aliniambia. "Afadhali nibanane na wenzangu hapa Birmingham."

Kwa hiyo nilikuwa tayari kumpoza mtu. Kwa mayai sikuwa tayari.

Wiki iliyofuata alileta jamu ya plamu. Baadaye kabichi, na kikapu cha matufaa yenye mabaka, matamu kupindukia. Na kila alicholeta kilikuja na habari zake. Muuza nyama anamtania kuhusu mpira. Mama wa posta amejifunza kusema "jambo" na analisema hata akiwa anamuaga. Bibi wa mayai haruhusu aondoke bila kukaa jikoni kwake dakika chache, na kuku wanaingia ndani kama paka. Alieleza haya yote huku anakula, na alicheka, yeye ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akinijibu kwa kichwa.

Ningepaswa kumshukuru Mungu. Badala yake, roho iliniuma.

Wakati huo nilikuwa nashona kwenye duka la dobi Moseley, mtaa mmoja wa Birmingham, nafupisha suruali na kubadilisha zipu. Watu wa Moseley ni waungwana. Walinishukuru kwa sauti nzuri, wakanitakia wikendi njema, na katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyeniuliza natoka wapi akangoja asikie jibu. Halafu mume wangu anakwenda mahali ambapo hata wenyewe hawajawahi kumwona mtu wa Tanga, na anapewa kabichi!

"Huyo bibi ana umri gani?" nilimuuliza siku moja.

"Mzee sana."

"Sana kiasi gani?"

Akaniangalia, akaanza kucheka, na nilikasirika zaidi, kwa sababu hata mimi nilijua kwamba sikuwa nikiogopa mwanamke. Ningejua la kufanya na mwanamke. Ulikuwa ni mji. Kulikuwa na mji mzima uliokuwa ukimpata mume wangu akiwa mchangamfu, halafu unanirudishia jioni akiwa amechoka.

Nikamwambia Jumamosi anipeleke.

Binti yetu mkubwa alipoambiwa abaki na wadogo zake alijibu kwa Kiingereza kwamba hataki kwenda hata akilipwa. Tulikwenda wawili. Nilivaa baibui langu la buluu na mtandio wa hariri. Miaka ile, baada ya yale mabomu ya London, mtandio wangu ulikuwa unafika mahali kabla yangu, na nilijua hivyo, lakini sikuwa tayari kwenda kwa wapenzi wa mume wangu nimevaa ovyo. Yeye alivaa koti lake la Idi. Njiani alikuwa akinionyesha mashamba utadhani ni ya baba yake.

Tuliingia kwanza kwenye mkahawa wa chai, karibu na kanisa. "Mwenye mkahawa ananijua," alisema. "Kila wiki namletea maboksi yake." Ndani kulikuwa na meza nyingi tupu. Mazungumzo yalikatika. Mwanamke mwenye aproni ya maua alikuja, akamtazama mume wangu, akanitazama mimi kuanzia mtandio hadi viatu, akasema meza zote zimeshaagizwa na watu.

"Ni mimi," mume wangu akasema.

"Samahani?"

"Mimi. Wa vifurushi."

Yule mwanamke akashika shavu. "Ah! Sikukutambua bila ile jaketi yako!" Na hapohapo meza ikapatikana, tena ya dirishani, na maandazi yao yakaja na siagi mara mbili ya ile ya watu wengine. Alicheka sana, akamgusa bega. Mimi hakuniuliza kitu.

Niliinama kwenye kikombe changu ili mume wangu asiuone uso wangu, kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Nilisubiri mwenye aproni aondoke, nikasema taratibu, "Ndio hawa wanaokupenda? Wanaipenda jaketi."

Alivunja andazi lake vipande vidogovidogo na hakula hata kimoja. Furaha yangu haikudumu hadi chai iishe.

Nilidhani tungerudi nyumbani, lakini alisema lazima twende kwa bibi, ameshaahidi. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kichochoro, ndogo, ya mawe, na tulikuwa bado hatujafika getini mlango ukafunguliwa. Mwanamke mfupi, mgongo umepinda, nywele nyeupe zimefungwa kwa kipande cha uzi wa kufumia. Hakuhitaji jaketi yoyote. Alimshika mume wangu mikono yote miwili, kisha akaningoja mimi nifike, akanishika vilevile, na mikono yake ilikuwa ya moto kutokana na kuosha vyombo.

"Hatimaye," alisema. "Nilishaanza kufikiri amekubuni tu."

Nilitaka nimchukie, akawa hanipi nafasi. Alinikalisha kwenye kiti kizuri, akamfukuza kuku mmoja kwa ajili yangu. Alijua natumia sukari ngapi. Alijua majina ya watoto wangu na alikuwa akiyatamka karibu sawasawa. Kisha, akiwa anamimina chai, akaniambia, "Na pole kwa mama yake. Ni vigumu mtu kutomzika mamake."

Mkwe wangu alifariki Tanga majira ya baridi baada ya kiwanda kufungwa. Nauli haikuwepo. Mume wangu alipokea simu ile, akasema "Inna lillahi", akaenda kuosha gari. Nilimngojea alie, nikamngojea azungumze, mpaka nikaacha kungoja.

"Aliniambia kuhusu vile vikeki vya mchele," bibi aliendelea. "Vya kukaangwa kwenye chuma chenye mashimo. Mama alikuwa anauza mlangoni, na vile vilivyoungua kidogo alikuwa anamwekea yeye, kwa sababu alipenda kule kuungua. Nimesema vizuri?" Alimgeukia. Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu.

Vitumbua. Mimi nimempikia mume wangu vitumbua tangu harusi yetu. Kila kilichoungua nilikitoa, nikakila mwenyewe nimesimama jikoni, ili yeye apate vizuri.

Nilikunywa chai yote ile na sikuhisi ladha yake. Tulipoaga, bibi akaniambia, "Anakusema sana wewe. Kila siku." Alikusudia kunipa zawadi, najua. Lakini niliona wivu hata kwa hilo, kwamba kulikuwa na maneno mazuri kunihusu yaliyokuwa yakisemwa jikoni kwa mtu mwingine.

Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu nilipofungua mdomo. "Kwa nini yeye?"

"Kwako mimi ni mume," alisema. "Kwa watoto ni baba. Kwa wenzetu msikitini ni yule aliyepoteza kazi. Kule nilikuwa mtu aliyeleta kifurushi. Akaniuliza, mama yako anaishi wapi? Nikajikuta nasema."

"Mimi nilikuuliza."

"Wewe uliniuliza kama nimekula."

Nikageukia dirishani.

Sikurudi kule, na sikumkataza kwenda. Mayai yaliendelea kuja, nami niliyapika. Kisha, vuli ikiwa imeingia, akarudi mikono mitupu, akakaa kwenye kochi na kuwasha televisheni bila sauti.

Nilimvuta maneno moja moja. Nyumba ya bibi ilikuwa imefungwa. Kuku hawakuwepo. Aliuliza kwa jirani, mwanamume aliyekuwa akimsalimia kila wiki, naye akasema bibi alianguka na familia yake imempeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wapi? Jirani akasema habari hizo hazitolewi kwa watu wa nje. Mume wangu alikuwa na jaketi yake mwilini siku hiyo, na haikumsaidia.

"'Wewe ni nani kwake?'" mume wangu alirudia. "Ndivyo alivyoniuliza. Nikarudi kwenye gari."

Nitasema kweli: kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Nilifikiri sasa nitarudishiwa mume wangu mzima. Lakini aliyerudi ni yule wa mwaka uliopita, wa kujibu kwa kichwa, na siku zilivyopita niliona kwamba yule mwingine, mwenye kucheka, sikuwa na namna ya kumpata mimi peke yangu. Jumamosi nikachukua funguo za gari ukutani, nikaziweka mbele yake. "Twende."

Nilimwacha ndani ya gari nje ya kanisa, nikaingia peke yangu kwenye mkahawa wa chai. Mazungumzo yakakatika kama mara ya kwanza. Mwenye aproni alikuja, na kabla hajanieleza habari za meza, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba sitaki chai. Nikamweleza namtafuta nani, na kwa nini. Nilimwambia kwamba mume wangu anaumwa. Sikujua neno jingine la kutumia.

Alinitazama. Niliona uso wake ukigeuka mwekundu taratibu, kuanzia shingoni.

"Wewe ndiye mkewe," alisema. "Ulikuja siku ile."

"Nilikuja."

Akavua aproni, akaiacha juu ya kaunta mbele ya wateja wake wote, akatoka nami hadi mlangoni kwa yule jirani. Sikusikia yote waliyosemezana. Nilisikia akisema, "Usiwe mjinga, wewe." Tukapewa jina la mahali.

Haikuwa mbali. Bibi alikuwa kwenye chumba chenye dirisha la bustani, amekuwa mdogo zaidi, mguu umefungwa. Alimtambua mume wangu tangu mlangoni, na alipomshika mkono hakuuachia. Mimi nilipewa kiti cha pembeni, karibu na dirisha. Aliniulizia watoto wote, mmoja mmoja, na kabla sijamaliza wa mwisho akawa amelala, mdomo wazi, mkono bado umeshika.

Nilidhani tutaondoka. Mume wangu hakunyanyuka. Akaanza kuzungumza taratibu, kwa Kiswahili, kwa mtu asiyejua Kiswahili na ambaye amelala. Alimsimulia kaburi la mama yake, ambalo alikuwa ameliona tu kwenye picha aliyotumiwa na kaka yake. Alimsimulia siku ya mwisho kiwandani, jinsi alivyotembea kutoka Longbridge hadi nyumbani kwa sababu hakutaka kufika.

Mambo hayo nilikuwa sijawahi kuyasikia. Wivu ulikuwepo palepale. Nilikaa kimya kabisa, nikazuia hata kukohoa, asije akakumbuka kwamba nipo akanyamaza.