Nani Aachie?

Kama kuna kitu mpiga pasi wa nyumba ya wageni alikuwa amekichoka kuliko mashuka ya watu, ni neno "kesho" la mumewe. Kesho nitabadilisha betri. Kesho nitamwona fundi. Kiki ya pikipiki ilikatika tangu mwaka jana na betri ilikuwa hoi: ukibonyeza stata inalia tik, basi, kimya. Kila asubuhi lazima isukumwe, na mwenyewe, fundi viatu kwa kazi na bingwa wa ahadi kwa kipaji, haoni taabu yoyote, maana yeye ndiye anayekaa juu.

Siku nyingine mke angenyamaza. Leo hapana. Leo dada yake mkubwa alikuwa anapita na basi la safari ndefu, anahamia kwa mwanawe huko mbali, na basi lingesimama stendi ya barabara kuu kwa muda wa abiria kunywa chai tu. Huyo dada ndiye aliyemlea na kumsuka nywele. Hawakuwa wameonana miaka mitatu, na stendi si ya kwenda kwa miguu.

"Mimi nitakodi pikipiki ya mtu," alikuwa amesema tangu jana.

"Ukodi ya mtu na yetu ipo? Watu watatuonaje?"

Haya, waone sasa. Blauzi ya kumpokelea dada ilikuwa imelowa jasho, mikono yake iko kwenye keria, na upande wa pili anasukuma kinyozi jirani yao, aliyemwacha mteja kitini na ndevu nusu.

Mume akafungua swichi, akatia gia ya pili, akabana klachi. "Twende!"

Wakasukuma. Pikipiki ikakolea mwendo, vumbi likatimka, na kinyozi, aliyekuwa amejipa ukubwa wa shughuli, akapaza sauti: "Achia!"

Pikipiki ikakohoa mara moja, ikasimama kama punda aliyegoma.

"Betri imekufa kabisa hii," kinyozi akasema, akihema.

"Si betri. Hamsukumi," mume akajibu bila kushuka. "Mama watoto, weka nguvu basi!"

Weka nguvu! Anamwambia nani? Mwanamke anayeinua pasi ya mkaa kutwa nzima! Lakini akainama tena, akasukuma. "Achia!" Ikakohoa, ikasimama. Tena. "Achia!" Ile ile. Simu ikaita.

"Tumefika stendi," dada akasema. "Uko wapi, mdogo wangu?"

"Niko njiani, dada. Nakuja."

Uongo mtupu. Alikuwa mbele ya kibanda cha kinyozi, na mteja mwenye ndevu nusu amekuja kusimama mlangoni kutazama sinema ya bure.

"Huyo mama mbona anaiachia?" mteja akauliza.

Kinyozi akageuka. "Ni kweli, shemeji. Unaachia?"

"Si wewe unayesema achia?"

"Namwambia yeye! Aachie klachi!"

"Sasa mimi ningejuaje? Mtu yuko ubavuni mwangu ananipigia kelele achia, achia, nimeachia!"

Mumewe akaangua kicheko, akalalia usukani. Bora angemtukana.

"Cheka," mkewe akamwambia. "Cheka vizuri. Basi linakungoja wewe umalize."

Safari hiyo hakuna aliyesema achia. Walisukuma mpaka mwisho, klachi ikaachiwa, injini ikashika kwa kishindo. Mpiga pasi akakimbia, akarukia nyuma, kiatu kimoja kikining'inia kidoleni.

Njia nzima aligomba. Aligomba juu ya betri, akagomba juu ya kesho zote, akarudi kwenye kicheko. Kila akikumbuka kicheko alimpiga mume ngumi ya mgongo. Magari yalipishana nao, makubwa kwa madogo, hakutazama hata moja. Mwaka mzima wa kunyamaza ulikuwa unamtoka kwa mkupuo.

Stendi ilikuwa tupu. Muuza maji alikuwa anakusanya chupa.

"La safari ndefu? Limeondoka sasa hivi," akasema. "Lazima mmepishana nalo."

Simu ikaita tena.

"Nimekuona," dada akasema. "Nilikuwa dirishani. Nimekupungia, nimekuita mpaka watu wakanigeukia."

"Mimi sikukuona, dada."

"Ungenionaje na wewe ulikuwa unagomba?" Dada akacheka. "Unampiga shemeji mgongoni, mdomo haufungi. Nikasema jamani, marehemu mama yule pale, juu ya pikipiki."

Mumewe alikuwa bado amekaa juu, anaipa mafuta kidogo kidogo isizimike. Mpiga pasi akampa kisogo, akaziba sikio la pili kwa kidole. Miaka mitatu, halafu wamepita ubavu kwa ubavu naye anagomba juu ya betri.

"Dada," akasema. "Umevaa nini?"

"Nini?"

"Leo. Niambie umevaa nini, na mimi nikuone."

"Gauni la kijani," dada akasema, na mtandao ukaanza kukatika. "La kijani, na kilemba cheupe."