Pole ya Mama Akeyo

Watu husema mkalimani wa korti ni kasuku tu. Wanikome. Kasuku akikosea neno hakuna anayeumia, lakini mimi, Nicodemus Wamalwa, nilikaribia kumpotezea mama wa watu haki yake kwa neno moja, tena neno ambalo kila mtoto wa mtaa wetu wa Bondeni analijua kabla hajaota meno.

Ilikuwa 1957, korti ya Nakuru, mwezi wa pili, wakati upepo unazoa vumbi kule ziwani na kulileta mpaka ndani ya meno. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya hakimu Mzungu na wenye kesi. Kiswahili kikija nakigeuza Kiingereza, Kiingereza kikija nakigeuza Kiswahili. Nilijiona sana siku hizo, sifichi. Nilikuwa na tai mbili, na niliposema Kiingereza nilijisikiliza mwenyewe.

Mama mwenyewe aliitwa Eucabeth Akeyo. Mumewe alikuwa fundi wa reli, akafa kwa homa ya mapafu, akamwacha na chumba kimoja Bondeni na watoto wawili. Hakulia sana, alinunua debe. Kila alfajiri alipika uji, akaubeba kichwani mpaka kwenye geti la reli, akawauzia wanaume wa zamu ya asubuhi, na hata aliyekosa senti siku hiyo alikunywa. Miaka sita alifanya hivyo, na watoto wakasoma. Haya yote alinieleza baadaye, maana kabla ya kesi sikumjua.

Siku ya ajali alikuwa kando ya barabara na debe lake. Lori la maziwa la mlowezi mmoja lilitoka upande wa Njoro kwa kasi, dereva akataka kulipita gari la ng'ombe hapo kwenye kona, akaona lori lingine linamjia, akakata usukani, na lori likamfuata mama hukohuko kando. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Uji wote ukamwagika barabarani, na mpaka leo nikimtajia mguu yeye hutaja uji kwanza.

Alilala hospitali miezi mitatu. Mguu ukiwa bado kwenye plasta, akaja bwana mmoja wa kampuni ya bima, kwa sababu mwenye lori hulikatia bima ili siku ya balaa kampuni ilipe badala yake. Bwana yule alikuwa na karatasi na shilingi mia mbili. Weka dole gumba hapa, mama, upewe pesa yako. Akeyo akamwomba amsomee karatasi kwanza. Bwana akasema ni maneno ya ofisi tu. Akeyo akakunja kidole chake ndani ya blanketi na kumwambia arudi siku atakayokuwa na nafasi ya kusoma. Karatasi ile, tulikuja kujua, ilisema akishapokea mia mbili hatadai kitu tena maisha yake yote.

Wanawake wa soko walimchangia, akaenda kwa wakili Mhindi aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa. Wakili akamweleza vizuri. Katika kesi ya namna hii hakuna anayefungwa jela. Korti inataka kujua mambo mawili tu: kosa ni la nani, na hasara ni kiasi gani. Hasara ilikuwa rahisi, daktari aliandika ripoti kwamba mguu umekuwa mfupi na hataweza tena kubeba mzigo kichwani. Kosa ndilo lililokuwa vita. Kampuni ilisema mama aliingia barabarani ghafla bila kuangalia. Ikithibitika hivyo angetoka mikono mitupu, na gharama za kampuni zingekuwa juu yake. Chumba kilikuwa tayari kinamezewa mate na mtu mwingine. Angerudi Gem, kijijini kwa wakwe zake, na mkongojo wake, kula mkononi mwa shemeji, na watoto shule basi. Na maneno ya jirani hayakukosekana: eti alijirusha mbele ya lori apate pesa za Mzungu. Hayo yalimuuma kuliko mguu.

Kesi ikaanza vizuri. Makokha, mfanyakazi wa reli aliyeona ajali, akasema mama alikuwa kando. Kisha Akeyo akapanda kizimbani, na wakili wa kampuni akasimama. Alikuwa Mzungu mrefu mwenye sauti ya upole, na watu wa upole wa namna hiyo mimi nawaogopa. Akamuuliza kama baada ya ajali alizungumza na dereva. Ndiyo. Alimwambia nini?

"Nilimwambia pole," akasema Akeyo.

Nami, na tai yangu shingoni, nikatafsiri bila kufikiri: alimwambia sori.

Wakili akatabasamu. Wewe unayejua Kiingereza umeshaona shimo. Sori ya Wazungu inafanya kazi mbili. Mtu akifiwa wanamwambia sori, na mtu ukimkanyaga unamwambia sori hiyohiyo. Sisi tumezitenganisha tangu zamani, pole ni pole na nisamehe ni nisamehe. Wakili akashika ile ya pili. Akasema, basi ulimwomba dereva msamaha kwa sababu ulijua kosa ni lako. Nikamgeuzia mama hayo kwa Kiswahili.

"Hapana," akasema, "sikumwomba msamaha. Nilimwambia pole."

Nikatafsiri: hakuomba msamaha, alimwambia sori.

Watu wa viti vya mbele wakacheka. Wakili akamgeukia hakimu, akasema shahidi huyu anakana na kukubali kwa pumzi moja, korti itamwamini vipi? Hakimu akaandika. Niliona kalamu ikienda, na sasa nilikuwa nimeelewa nilichofanya. Lakini mkalimani haruhusiwi kutoa ushahidi. Anabeba maneno tu. Nikasimama pale kama gogo, na Akeyo akanitazama mimi, si wakili. Alijua neno lake linaharibikia mahali fulani, na mahali penyewe ni mdomoni mwangu.

Hapo upepo ukasukuma dirisha, vumbi likaingia, na hakimu akashikwa na kikohozi. Alikohoa mpaka akawa mwekundu, macho yakamtoka machozi, karani akakimbia na glasi ya maji. Mama Akeyo, ambaye anasagwa kizimbani na mguu unamuuma, akasema:

"Pole, Bwana Mkubwa."

Hakimu akafuta macho, akauliza amesema nini. Nikajibu: amekuambia sori. Akashangaa. Sori ya nini? Hajanifanyia lolote. Nikaligeuza swali hilo kwa Kiswahili, na safari hii nililigeuza polepole, kila neno mahali pake: hakimu anauliza, unamwomba msamaha wa nini, nawe hujamkosea?

"Simwombi msamaha," akasema Akeyo. "Kikohozi ni chake na vumbi ni la ziwa, mimi sikulileta. Nimemwonea huruma tu. Na yule kijana wa lori alikuwa anatoka damu usoni na kulia, nikamwonea huruma vilevile. Mtu akiumia unamwambia pole, hata kama ndiye aliyekuumiza."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama neno ni lilelile alilomwambia dereva. Akaniapisha palepale, kwa Biblia, mimi ambaye nilikuwa nimewaapisha wengine miaka tisa. Nikasema mbele ya watu wote: neno ni lilelile, maana yake ni huruma, na kosa lililotokea leo humu ndani ni langu. Masikio yaliwaka moto. Hakimu akakata mistari aliyokuwa ameandika, akaniambia niendelee na kazi.

Wakili hakukata tamaa. Alimwita dereva, kijana aitwaye Kipkemboi, aliyekuwa akingoja nje na hakuwa amesikia lolote. Alikuwa na kovu kwenye paji la uso na kofia mkononi, na tajiri wake, yule mlowezi mwenye lori, alikuwa ameketi nyuma akimkazia macho. Wakili akamuuliza mama alisema nini baada ya ajali. Aliniambia pole. Na wewe ulimjibu nini? Hilo la pili hakupaswa kuliuliza, nadhani alitaka tu kumalizia vizuri.

Kipkemboi akatazama kofia yake.

"Nilimwambia, nisamehe, mama."

Nililitafsiri hilo vizuri mno. Nililitafsiri kama mtu anayelipa deni.

Baada ya wiki moja hukumu ikasomwa. Fidia ya maumivu, ya mguu, ya biashara iliyopotea, na gharama zote juu ya kampuni. Shilingi elfu tano na mia mbili. Ndizo zilizofungua hoteli yake pale Bondeni, meza nne, ambapo alipika ameketi na watu wakaja wenyewe kubeba. Lakini siku ile pesa hakuzisikia hata. Akauliza kama kijana atalipa kutoka mfukoni mwake. Nikamwambia hapana, italipa bima. Akauliza tena, hakimu amesema kosa ni la nani?

"La dereva na tajiri wake," nikamwambia. "Amesema wewe huna kosa hata kidogo."

Akageuka kutazama madirishani, ambako jirani zake wa Bondeni walikuwa wamejazana, wale waliomchangia na wale waliomsengenya.

"Sema tena," akasema. "Kwa sauti."

Hakimu alikuwa bado kitini, na sheria ya kazi ilinitaka ninyamaze. Nikamtazama. Akainamisha kichwa kidogo, akajifanya anapanga makaratasi. Basi nikajaza kifua, nikalisema kwa Kiswahili mpaka likafika barabarani: Mama Akeyo hana kosa. Kisha nikalisema kwa lugha yake, Kijaluo changu kibovu cha Bondeni, na vigelegele vikazima sauti yangu kabla sijamaliza.