Glavu Nyeupe Kando ya Blanketi

Rafiki yangu aliniahidi tungechagua kitambaa pamoja kabla mabanda hayajafungwa. Badala yake alisimama ukumbini mjini Toowoomba, amevaa glavu nyeupe za wasimamizi wa maonyesho, kando ya blanketi la viraka aliloshona mwenyewe na ambalo majaji walilipita bila kulitunuku utepe wa ushindi. Alinyoosha pindo lililokwisha kunyooka, akakohoa, akatazama dari. Mtu akikaribia, aliacha kupumua. "Twende basi, shosti!" nikamwambia. "Subiri, niko zamu." Zamu yenyewe ilikuwa imekwisha tangu saa sita.

Hatimaye bibi mmoja akaomba kuona upande wa nyuma. Rafiki yangu akamgeuzia kwa vidole viwili, polepole. "Aliyeshona hili ana mkono mzuri," bibi akasema. "Ni nani?" "Simjui, mama." Akavua glavu, akanigeukia. "Haya, twende. Wewe nawe unachelewesha watu!"