Mnyama Aliyeacha Kucheza

Kosa langu la kwanza katika mchezo ule nililifanya kabla sijaujua mchezo wenyewe: nilimtia gundi mnyama ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka.

Hakuwa wangu. Alikuwa wa binamu yangu, mtoto wa mjomba wa Dar es Salaam, aliyekuja kwetu Ifakara likizo ya Krismasi mwishoni mwa miaka ya tisini. Alikuja na soksi ya kuchezea mpira yenye wanyama watano wa plastiki, kila mmoja akitosha kusimama juu ya kizibo cha soda. Walitoka kwenye katuni ambayo watoto wa Dar waliitazama kwenye televisheni mpaka wakaijua kwa moyo. Sisi tulikuwa tumeiona mara moja, tena nusu, kwenye kibanda cha video karibu na soko, umeme ukakatika. Hata hivyo nilimtambua mmoja papo hapo, mwenye mkia wa mamba na masikio ya sungura. Nilimpenda mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilijiona mkubwa.

Binamu alipokwenda Lupiro kumsalimia bibi, aliogopa kuvuka na wanyama wake kwenye pantoni pale Kivukoni, jinsi watu walivyosukumana na baiskeli na magunia. Akaniachia soksi. Akamtoa yule wa mkia wa mamba, akamgeuza juu chini.

"Huyu mwangalie sana. Hapa chini panacheza."

Baba akamwita, naye akarukia nyuma ya baiskeli, wakaenda.

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya baba, lililobeba mpunga kutoka shambani, lilipoanza kuyumba alisema linacheza, na siku hiyo ilikuwa ya spana. Mguu wa meza ulicheza, ukapigwa msumari. Jino la mdogo wangu lilicheza, likang'olewa kwa uzi. Na mimi nilikuwa mtoto asiyevumilia ubovu. Nilifuta hesabu mpaka daftari likatoboka. Ndala zikikaa upande mlangoni, sikuweza kula kwa utulivu mpaka nizinyooshe.

Nikamgeuza mnyama. Kweli, miguu yake ilisimama juu ya kisahani chenye rangi tatu, na kisahani kililegea juu ya kitako cheusi. Ukikigusa, kinazunguka. Nilimhurumia binamu, kitu kizuri namna ile kuharibika safarini. Wale wengine wanne sikuwagusa, maana niliambiwa nimwangalie huyu. Nikachukua gundi kali iliyobaki baba alipogundisha viatu vyake vya kanisani, nikaidondosha kwenye ufa kwa ncha ya mwiba, tone baada ya tone, bila kuchafua rangi hata moja. Sikuwahi kufanya kazi safi kama ile. Niseme ukweli wote: niliingoja siku ya kurudi kwake kwa hamu, ili anisifu.

Aliporudi aliwakusanya wavulana wa jirani kibarazani kwetu. Alikuwemo na mmoja wa Kisukuma ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia bondeni na ng'ombe wao, mcheshi asiyemwacha mtu bila kumtania. Binamu akatueleza sheria. Kila mtu anaweka mnyama wake, anampiga kidole, mnyama anazunguka. Akisimama, rangi inayomtazama mpinzani ndiyo pigo: nyekundu umeuma, bluu umejificha, nyeupe umekosa. Kisha akamweka katikati yule wa mkia wa mamba, nahodha wa kundi lake, akampiga kidole.

Mnyama akaanguka ubavu, akalala.

"Mbona hazunguki?"

"Nilimtengeneza," nikasema.

"Ulimtengeneza nini?"

"Si ulisema anacheza?"

Yule wa Kisukuma alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Kuna mchezo, jamaa kautengeneza usicheze! Wewe ndiye Fundi Gundi!"

"Mgonjwa alikuwa mzima," mdogo wangu wa kike akasema kutoka mlangoni, "daktari akamponya, akafa."

Binamu hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba Januari mtaa wao unacheza na mtaa wa pili, na yeye amepangwa. Lakini mtu hupangwa akiwa na watano kamili wanaozunguka. Mwenye wanne anakaa nje, anatazama.

"Mimi naondoka Jumapili," akasema. "Basi tena."

Ningependelea anipige. Nikamwambia nitamrudisha mnyama katika hali yake, nikiwa sina hata wazo nitaanzia wapi.

Nilianza na wembe. Nikapenyeza, nikachokonoa, kitako cheusi kikapasuka vipande, na kile kipini cha katikati kikakatika. Kisahani na mnyama wake vilibaki salama, lakini hakikuwepo tena cha kukizungukia. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo, kisha nikanawa uso ili mdogo wangu asinione.

Baba alikuwa na kopo la gololi kuukuu za baiskeli, zile ndogo zinazopangwa ndani ya gurudumu. Nilimwomba chache, akanipa bila kuuliza, akiwa ameshika spana. Nikalaza kizibo cha soda chali, nikapaka grisi ndani, nikazipanga gololi mviringo pembezoni. Nikatoboa katikati, nikachoma msumari mwembamba kwenye mkaa, nikaupenyeza kutoka chini mpaka ukaingia kwenye plastiki ya kisahani. Nikausukuma sana. Sikutaka ibaki nafasi hata ya unywele.

Hakikuzunguka. Mnyama alisimama tuli kuliko hata wakati wa gundi.

Baba akanitazama, kisha akaligeukia gurudumu lake. "Hata hili ukilikaza kabisa halizunguki. Liache licheze kidogo."

"Si unasema likicheza ni bovu?"

"Likicheza sana. Lisipocheza kabisa nalo ni bovu." Akakaza nati, akailegeza robo, akalizungusha gurudumu kwa kiganja. Lilizunguka bila kutoa sauti. "Umeona? Hapo."

Nikapasha msumari upya, nikauvuta nje kiasi cha unene wa ukucha. Kuacha nafasi kwa makusudi nilikuona kama kuandika jibu ninalojua si sahihi. Nikampiga kidole mnyama. Akazunguka, akazunguka, masikio yakapotea, mkia ukawa duara la kijani.

Bado sikutulia. Nilimzungusha jioni yote, nikaona anapenda kusimama kwenye nyekundu. Mwingine angefurahi. Mimi niliona huo ni wizi, na watoto wa mtaa wa pili wangeugundua. Nikabandika punje ya nta chini ya kisahani, upande huu, kisha ule, mdogo wangu akitaja rangi kila aliposimama, mpaka akachoka na kusema, "Sasa hata yeye mwenyewe hajui atasimama wapi." Hapo nikaacha.

Jumamosi tulikutana kibarazani. Mvua ilikuwa imenyesha na majirani wengi hawakwenda shamba, kwa hiyo watazamaji hawakukosekana. Binamu alizungusha kwanza wale wanne. Walikwaruza, trrr, wakasimama. Kisha akamweka yule wa mkia wa mamba juu ya kizibo chake cha soda. Alimgusa tu. Mnyama akaenda. Watu wakasogea karibu, wakaanza kucheka, wakaacha kucheka, na yeye bado anakwenda.

"Huyu hana breki!" binamu akapiga kelele. "Hata walipomtengeneza kiwandani hakuzunguka hivi!"

Yule wa Kisukuma aliinama mpaka pua ikakaribia sakafu. Aliponyanyuka hakuniita Fundi Gundi. Alisema, "Fundi, na mimi nitengenezee." Niliingia ndani kujifanya natafuta maji, kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Nilikuwa na fahari ambayo sijawahi kuipata kwa alama yoyote ya shule.

Binamu aliondoka Jumapili na watano kamili. Januari alicheza; salamu zilizotoka kwa mjomba zilisema watoto wa mtaa wa pili walitaka kujua kile kizibo kimenunuliwa duka gani.

Sisi hatukuwa na wanyama wa katuni, tukawachonga wa kwetu kwa mpira wa ndala: kiboko, mamba, na sheshe, yule swala wa mbugani. Yule wa Kisukuma alichonga dume la ng'ombe lenye pembe pana hata likaanguka kila mzunguko. Nikamshauri azipunguze. "Ng'ombe wa kwetu hapunguzwi pembe," akasema, akaendelea kushindwa kwa furaha. Wote walizungukia vitako nilivyotengeneza mimi.

Daftari bado nalifuta mpaka linatoboka, hilo halijabadilika. Lakini siku hizi nikikuta kitu kinacheza, nauliza kwanza kama ndivyo kinavyotakiwa kuwa.