Nilimfuata rafiki yangu nikiwa ng'ambo ya pili ya mto Athi, yeye akicheka na mtu mwingine

Wakuu, habari za mchana.

Hapa ndani kila wiki tunasoma wivu wa mapenzi. Mimi leo naleta wivu wa urafiki, ule mwanaume hasemi hata akilewa. Yote yalinipata mimi mwenyewe. Majina tu ndio nimebadilisha, kwa sababu wahusika wako hai na mmoja wao anapenda kusoma soma mitandao.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani huko Mavoko, lakini nyumbani ni Katelembo.

Muthama alikuwa jirani yetu. Tumechunga mbuzi pamoja, tumebatizwa siku moja, hata kazi ya Mavoko tulienda kutafuta pamoja. Mimi nikapata kiwandani. Yeye alikuwa amesoma kuliko mimi, akapata ofisi.

Sasa, tangu tukiwa vijana tulikuwa na plan moja. Siku moja tutapanda baiskeli tufuate mto Athi mpaka kule chini Kibwezi.

Plan YETU. Hilo neno mlishike.

Mwaka huo tukabahatika kupata likizo pamoja, mwezi wa Desemba. Nikaitengeneza baiskeli yangu ya Black Mamba, nikabadilisha cheni, nikafunga keria na waya mpaka ikatulia.

Tulipatana tukutane Kyumbi asubuhi. Nikafika kwanza. Kuangalia barabarani, namuona Muthama anakuja, na nyuma yake kuna mtu.

"Huyu ni Felix," akaniambia. "Tunafanya naye kazi. Anaenda na sisi."

Hakuuliza. Aliniambia tu.

Felix alikuwa na baiskeli ya gia, helmeti, glavu, na tenti imekunjwa vizuri nyuma. Mtoto wa Nairobi. Akanisalimia kwa heshima, "Niaje boss, nimeskia story zako mingi sana." Nikajibu poa. Moyoni nikajiuliza, zangu umeskia, mbona zako mimi sijawahi kuskia?

Tukapita Machakos, tukashuka Mwala, tukashika njia ya Wamunyu. Wakuu, hiyo nchi ni nzuri mvua ikishanyesha. Lakini mimi sikuwa naona kitu. Nilikuwa naangalia migongo yao.

Walikuwa na vicheko vyao. Felix anasema neno moja tu, "supervisor!", Muthama anacheka mpaka baiskeli inayumba. Nauliza ni nini, naambiwa, "Aah, hiyo ni ya ofisi, huwezi elewa."

Usiku tenti ilikuwa ya watu wawili na nusu. Mimi ndio nilikuwa hiyo nusu.

Tulipofika daraja la barabara ya Kitui, ndio maneno yakatoka. Mimi nilitaka tuvuke, tuteremke na upande wa Yatta, vile tulikuwa tumepanga miaka yote. Felix akatoa ramani. Akasema upande wa huku ndio uko na njia nzuri.

Nikamwangalia Muthama.

"Hata mimi naona tupite huku," akasema. "Huko Yatta ni miiba tupu."

"Lakini si tulisema?"

"Tulisema tukiwa watoto, bwana."

Nikapanda baiskeli yangu, nikavuka daraja peke yangu. Nilikuwa nimewaambia tutapatana daraja la chini, lile la upande wa Kibwezi. Nilidhani Muthama ataniita. Nikaendesha pole pole kabisa, nikimpa nafasi ya kuniita.

Hakuniita.

Sasa hapa ndio kulikuwa na mateso. Njia yangu ilikuwa ya mbuzi, ikifuata mto. Yao pia ilifuata mto. Kwa hivyo kila baada ya kilima, hao hapo ng'ambo! Niko naona kila kitu kama mtu anaangalia televisheni ya jirani kupitia dirisha.

Niliwaona wakila maembe chini ya mti. Niliwaona wakiosha miguu. Mchana mmoja niliwaona wamebadilishana baiskeli, Muthama ako juu ya ile ya gia, helmeti kichwani, Felix anakimbia kando akimfundisha. Muthama akaniona, akapunga mkono, akapiga kelele akionyesha baiskeli. Nikajifanya niko na shida na pedeli.

Kuvuka niwarudie haikuwezekana. Mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, na kule chini kuna mamba.

Jioni mama mmoja alikuwa akichota maji akanikaribisha kwake muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Akaangalia ng'ambo, moshi wa moto wao ukipanda.

"Wale ni wenzako?"

"Ndio, mama."

"Mbona basi wewe uko huku?"

Nilikula nikiangalia sahani.

Asubuhi iliyofuata niliwapata wakifunga mizigo, karibu na maji kabisa. Mto hapo ni mwembamba, mtu akipaza sauti unamskia. Nikawa napita bila kusalimia. Ndio nikaona Muthama amesimama tu, ameshika tenti, haendelei kukunja. Kisha akaanguka kama gunia.

Hapa lazima niwaelezee. Muthama ako na kifafa. Nimejua tangu tukiwa shule ya msingi. Kilikuwa kimetulia na dawa miaka mingi, na huko kazini nilidhani hakuna anayejua. Nilikuwa nimeibeba hiyo siri kama yangu.

Felix alichanganyikiwa. Akamshika mikono kwa nguvu, akaacha, akachukua kijiko akitaka kumtia mdomoni.

Nikatupa baiskeli. "Wachaaa! Toa kijiko! Usimtie kitu mdomoni!"

Akaniangalia.

"Usimshike! Ondoa hayo mawe karibu na kichwa! Mwekee sweta!"

Akafanya.

"Ikiisha mlaze kwa ubavu! Kwa ubavu, Felix!"

Niliingia majini mpaka magoti bila kujua. Muthama alipoacha kutetemeka, Felix akamgeuza vile nimesema, akakaa chini akilia kama mtoto. Mimi nikaanza kumwita Muthama kwa Kikamba, "Kavola, wakwa, kavola," pole pole ndugu yangu, mpaka sauti ikakauka. Baadaye sana akainua mkono.

Siku hiyo tuliteremka pamoja, mimi huku, wao kule, wakitembea wakisukuma baiskeli. Nikipita mbele nasimama nawangoja. Wakinipita wananingoja.

Kwa lile daraja la chini Felix alinikumbatia bila kusema kitu, akaenda kutafuta soda. Tukabaki wawili.

"Pole," nikamwambia Muthama. "Nimepigia siri yako kelele mpaka Yatta nzima imeskia."

"Siri gani? Felix anajua. Nilimwambia tukianza tu kukaa meza moja."

Wakuu, hiyo iliniuma kuliko miiba yote. Yaani hata hiyo?

"Na mbona alitaka kukutia kijiko?"

"Kuambiwa na kuona si kitu kimoja, bwana. Aliogopa."

Ndipo nikatoa lililokuwa limenikaa moyoni. "Yeye ulimwambia. Mimi hukuwahi kuniambia."

Akanishangaa kweli. "Wewe ningekuambia nini? Siku ya kwanza nikianguka, darasa lote lilitoka mbio, hata mwalimu. Nilipofungua macho ni wewe ulikuwa hapo."

Alisema hivyo akifunga kamba ya kiatu, kama mtu anakuambia leo ni Alhamisi.

Nilichojifunza ni hiki. Rafiki si shamba, hana title deed, na akipata mtu mwingine wa kucheka naye si kwamba amekuuza. Lakini sitawadanganya kwamba wivu uliisha hapo kwa daraja. Muthama alipooa, Felix ndiye alisimama kando yake. Mimi niliketi mstari wa pili na suti ya kuazima, nikapiga makofi, na bado kitu kilinichoma hapa kifuani. Nikapiga makofi hivyo hivyo.

Kuna mwanaume mwingine humu amewahi kuonea wivu rafiki wa rafiki yake, ama ni mimi tu? Semeni, hata mkinicheka nitasoma.