Breki za Bwana Mifugo

Anyelwisye alikuwa bwana mifugo. Alitoka Rungwe, akahamishiwa Ufipa mwaka 1968 pamoja na mke wake Tusekile na mtoto wao wa kwanza, Tusajigwe, aliyekuwa bado ananyonya. Walipewa nyumba ya serikali katika kijiji kimoja karibu na Msanzi. Kwa miaka tisa, mtu akiona ng'ombe wake anatoa mate au anachechemea, alimfuata yeye kwanza. Alikuja hata kwenye mvua, na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Wazee walimpenda kwa hilo, ingawa Kifipa chake kiliwachekesha.

Pikipiki ya kazini aliitunza mwenyewe. Karakana ilikuwa mbali, Sumbawanga mjini, na vipuri miaka ile vilikuwa haba. Ujanani aliwahi kukaa miezi minane na fundi mmoja Tukuyu, kwa hiyo kubadilisha mnyororo, kuziba mpira au kukaza breki hakukumshinda. Kazi hizo alizifanya nyuma ya nyumba, juu ya gunia, siku za Jumamosi.

Mwaka 1977, mwishoni mwa Mei, alikuwa akirudi kutoka kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua likimpiga usoni. Njia ile aliifahamu vizuri. Karibu na daraja la magogo alisikia kishindo upande wa kushoto, usukani ukamchomoka mkononi, akakanyaga breki, pikipiki ikateleza ikaanguka naye.

Alipoinuka aliona maharage yametapakaa kando ya barabara. Kisha akaona kikapu, na mbele ya kikapu, ukingoni kwenye majani, alikuwa amelala Bertilla, mke wa mzee Zenon. Mama huyo alikuwa ametoka kwenye mahame yao, mahali walipokuwa wakiishi kabla watu hawajahamishiwa kijijini. Shamba lao la zamani bado lilikuwa linatoa maharage mazuri kuliko mashamba mapya ya kijijini.

Anyelwisye alivua koti akamwekea chini ya kichwa. Lori la mahindi lilipita baada ya nusu saa, likawachukua. Bertilla alifariki njiani, kabla hawajaona taa za Sumbawanga. Alikuwa ameshika kifungo cha shati la Anyelwisye, na ilibidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja.

Askari aliyekuja kuandika maelezo aliuliza maswali machache.

"Breki ulikanyaga?"

"Nilikanyaga, haikushika."

"Na marehemu alitokea wapi?"

"Sikumwona alikotokea. Alitokea ghafla."

Askari aliitazama pikipiki. Kikanyagio cha breki kilikuwa kimepinda kwa kule kuanguka, hakikubonyezeka. Zaidi ya hapo, mwezi mmoja kabla ya ajali Anyelwisye alikuwa ameandika barua ofisini kuomba pedi mpya za breki, na nakala ilikuwapo. Aliomba kwa tahadhari tu, kwa kuwa vipuri vilichelewa, lakini barua ni barua. Askari akaandika kwamba breki zilikuwa mbovu na marehemu aliingia barabarani ghafla. Mwenyekiti wa kijiji, Leonardi, aliyasoma maneno hayo mbele ya mkutano. Watu wakasikitika, wakasema chuma hakina huruma, na wengine wakanong'ona kwamba Bertilla siku hizi alikuwa hasikii vizuri.

Mzee Zenon alisikiliza hadi mwisho. Alikuja akampa Anyelwisye mkono, akarudi kwake.

Pedi zilifika katikati ya Julai, zimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Jumamosi yake, asubuhi yenye baridi na upepo ule wa Ufipa unaopenya hadi kwenye mifupa, Anyelwisye alitandika gunia nyuma ya nyumba. Tangu ajali alikuwa anakwenda kwenye josho kwa miguu, na pikipiki ilikuwa imesimama ukutani bila kuguswa. Tusekile alikuja na bakuli la bati la kuwekea nati zisipotee. Alikuwa akimsaidia hivyo siku zote, na alipenda kazi hiyo kwa sababu ndiyo saa pekee mume wake alipokaa nyumbani.

Kwanza alikinyoosha kikanyagio kwa nyundo juu ya jiwe. Akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akafungua nati ya fimbo ya breki, akachomoa pini, akalegeza nati kubwa ya ekseli. Mnyororo aliushusha. Ekseli ilitoka kwa kugongwa kidogo, gurudumu la nyuma likamwangukia mikononi. Aliichomoa ile sahani ya chuma inayoziba ngoma ya breki, akaigeuza juu.

Ndani yake hukaa pedi, vyuma viwili vilivyopinda, kila kimoja kama nusu ya duara, vimeshikwa na springi mbili. Juu ya kila chuma kumegandishwa utando mgumu unaokwenda kubana ngoma mtu anapokanyaga. Utando huo ndio unaolika. Ukilika hadi kwenye chuma, breki hakuna.

Anyelwisye alipuliza vumbi. Akatazama. Akachukua kitambaa akafuta, akatazama tena.

"Nipe hizo mpya," alisema.

Tusekile alifungua karatasi ya kaki akampa moja. Aliiweka kando ya ile ya zamani. Tofauti yake ilikuwa unene wa ukucha, basi.

"Mbona hizi bado nzima?" Tusekile aliuliza.

Aliiweka ile mpya chini. Aliingiza vidole ndani ya ngoma kutafuta mafuta, kwa maana mafuta yakivuja humo breki huteleza. Ngoma ilikuwa kavu, inang'aa. Alizivuta springi, zilikuwa ngumu. Alikagua nyuzi za fimbo ya breki, zile zinazokamata nati, zilikuwa nzima. Akahamia mbele, akafungua na gurudumu la mbele, ingawa hakuwa amepanga kulifungua. Humo namo pedi zilikuwa nene.

Alikaa chini kwenye gunia. Kwa wiki saba alikuwa ameamini alichosema. Usiku na mchana alikuwa ameuona mguu wake ukikanyaga na pikipiki ikizidi kwenda. Sasa alijilazimisha kukumbuka kwa mpangilio, na mpangilio ulikataa kubadilika: kishindo kilikuja kwanza. Alikanyaga baada ya kishindo.

"Mama Tusajigwe," alisema, "simama hapa kushoto kwangu."

"Kwa nini?"

"Simama tu. Mimi natazama mbele, kwenye ule mlango wa jiko. Nyanyua mkono, halafu uulete mbele polepole. Nikiuona nitasema."

Tusekile alinyanyua mkono. Aliuleta mbele kidogo kidogo, akimtazama mume wake usoni. Mkono ulipita bega, ukapita sikio, ukapita shavu. Anyelwisye alikuwa kimya. Ulipokaribia kabisa kuuziba mlango wa jiko, ndipo aliposema, "Nimeuona."

Tusekile alishusha mkono. Alikumbuka ndoo ambayo mume wake aliikanyaga mwezi wa nne, na jinsi siku hizi alivyokuwa akijigonga kwenye fremu ya mlango upande uleule, na jinsi walivyocheka.

"Rudia," Anyelwisye alisema.

Walirudia mara tatu, kisha upande wa kulia, ambako kulikuwa na nafuu kidogo. Mara ya mwisho Tusekile alikuwa analia.

"Baba Tusajigwe, nisikilize," alisema. "Weka hizo mpya. Hizi nipe nikazitupe chooni. Askari ameandika, mkutano umekubali, mzee mwenyewe amekupa mkono. Tuna watoto wanne. Macho tutayatafutia dawa."

Anyelwisye alichukua msasa akaanza kuisugua ngoma. Alizikunja pedi mpya pamoja na springi zake, akazibana hadi zikakaa mahali pake, akapaka grisi kidogo kwenye kidude kinachozitanua, akihakikisha haigusi utando. Akarudisha sahani, gurudumu, ekseli, mnyororo, pini. Aliifanya kazi yote kama kawaida yake, bila kuruka hata nati moja, kwa sababu mtu mwingine angekuja kuipanda. Alipomaliza alilizungusha gurudumu kwa nguvu, akabonyeza kikanyagio kwa kiganja. Likasimama papo hapo.

Pedi za zamani alizifunga kwenye kitambaa. Tusekile hakuziomba tena.

Kesho yake, watu walipotoka misa, Anyelwisye alikwenda kwa mzee Zenon. Tusekile alifuatana naye hadi kwenye uzio wa mabua, akabaki hapo. Zenon alikuwa ameketi nje ya jiko anaosha sahani yake na kikombe. Hakuwa amezoea kazi ile, maji yalikuwa mengi kuliko vyombo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Mifugo. Karibu. Ng'ombe wangu hajambo."

"Sikuja kwa ng'ombe." Anyelwisye alichuchumaa, akafungua kitambaa chini mbele yake. "Hizi ndizo breki zilizokuwamo siku ile. Nimezitoa jana. Si mbovu, mzee. Zilikuwa zinashika. Ni mimi sikumwona mama. Macho yangu hayaoni pembeni, na nilikuwa sijui."

Zenon alizitazama zile pedi bila kuzigusa. Alikausha mikono kwenye suruali.

"Alikuwa wapi?" aliuliza.

"Mzee?"

"Bertilla. Alikuwa katikati ya barabara, au alikuwa pembeni?"

Anyelwisye alitazama chini, kwenye zile pedi. Tusekile kule kwenye uzio alisikia swali hilo, akafumba macho.

"Alikuwa pembeni. Nilimkuta kwenye majani, na kikapu kwenye majani. Pikipiki ndiyo iliyomfuata."

Mzee alitikisa kichwa polepole, mara nyingi.

"Alikuwa akisikia mlio wako anasimama kando," alisema. "Siku zote. Anasema, ngoja Bwana Mifugo apite. Wakasema hasikii tena, ameingia barabarani kama mtoto. Na mimi nikakubali. Nimekwenda pale kaburini nikamgombeza. Nilimwambia, kwa nini ulinifanyia hivi, kwa nini hukutazama. Wiki saba namgombeza mtu aliyesimama mahali pake."

"Nisamehe, mzee."

"Ngoja." Zenon aliinua mkono. "Mimi nilikuwa na ile pikipiki. Nikipita kwako nikaiona ukutani, hasira zangu naziacha pale. Chuma hakiniangalii. Sasa nikikutana na wewe njiani nifanyeje?"

Anyelwisye aliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umefanya vizuri kusema," Zenon alisema. "Lakini nenda. Chukua na hivyo vyuma."

Akainama akaendelea kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. Jioni ile watu walimwona anakwenda makaburini peke yake, na alikaa huko hadi giza lilipoingia.

Jumatatu Anyelwisye alidandia lori kwenda Sumbawanga. Mkuu wake wa kazi alimsikiliza, akafunga mlango wa ofisi.

"Ndugu yangu, jalada limefungwa. Ukilifungua litakufunga wewe. Unataka nini?"

"Nataka iandikwe kwamba yule mama alikuwa pembeni."

Aliandika maelezo mapya polisi, kurasa mbili, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni. Hakimu alimpa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na kumzuia kuendesha chombo chochote cha moto. Daktari wa macho huko Mbeya alimwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Alipewa dawa ya matone iliyokuwa ikipatikana mwezi mmoja, ikikosekana miezi mitatu.

Pikipiki ilipewa bwana mifugo mwingine. Anyelwisye aliwekwa ofisini kuandika chanjo kwenye daftari, hadi mistari ilipoanza kupanda juu ya mistari mingine, na mwaka 1980 akaandikiwa kustaafu kwa maradhi. Wakati huo alikuwa anatembea ameshika bega la Tusekile. Watu walimsalimia wakitaja majina yao ili awajue. Zenon naye, wakikutana, aliitikia shikamoo yake. Hakuwahi kuinyima. Lakini hakuwahi kuongeza neno baada ya marahaba, wala kumtembelea, na Anyelwisye hakuwahi kumlaumu kwa hilo, hata ndani ya nyumba yake.

Siku ya kurudi Rungwe, nusu ya kijiji ilikuja kupakia vyombo kwenye lori. Wanawake walileta unga wa ulezi na kuku wawili. Mwenyekiti Leonardi alitoa hotuba fupi kuhusu utumishi. Anyelwisye aliketishwa mbele karibu na dereva, blanketi magotini, na Tusekile akapanda kando yake.

"Mzee Zenon amekuja?" aliuliza.

Tusekile alichungulia dirishani. Aliwatazama watu wote, mmoja baada ya mwingine, kisha barabara yote hadi inapokatiza kwenye matuta ya ulezi. Angeweza kusema lolote, naye asingejua.

"Hajaja," alisema.

Anyelwisye aliitikia kwa kichwa. Dereva akauliza kama waondoke, naye akasema ndiyo, waondoke.